Kulitaja Jina Kabla ya Kujua

Kila mwalimu wa hesabu amewahi kuulizwa swali hili: "Mwalimu, jibu langu ni sahihi, mbona umenipa nusu ya alama?" Na kila mwalimu wa hesabu amelijibu kwa neno moja: njia. Mtoto aliyeandika jibu tupu bila kuonyesha njia, huenda alikokotoa kichwani, huenda alichungulia kwa jirani yake, na huenda alibahatisha tu. Jibu lenyewe haliwezi kutuambia. Tulipokuwa vyuoni tukiandaliwa kuwa walimu tulifundishwa hivyo, nasi tukawafundisha hivyo waliotufuata, na sidhani kama wengi wetu tulitambua kwamba tulikuwa tukigusa jambo kubwa kuliko hesabu. Je, mtu akisema neno ambalo baadaye linaonekana kuwa kweli, lakini wakati analisema hakuwa na njia ya kulijua, alisema kweli? Au alibahatika? Na iwapo neno lenyewe ni uhai wa mtu mwingine, tumpe alama ngapi?

Ningependa kulitazama swali hili kupitia kiungo kimoja cha mwili, yaani ini. Msomaji asishangae. Waswahili tangu zamani wamelipa ini heshima yake katika lugha. Mtu akiambiwa neno la kumuumiza hadi ndani kabisa, husema "amenikata maini." Hasemi amekatwa mapafu au figo. Nami nimepata kuona maneno matatu tu, yaliyosemwa kwenye ujia wa hospitali, yakikata maini ya ukoo mzima kwa sababu ya ini la mtu mmoja.

Ini la mtu mzima lina uzito wa karibu kilo moja na nusu. Damu yote itokayo kwenye utumbo hupitia humo kabla ya kwenda kwingine, na kwa sababu hiyo ini hupokea wageni wengi, wema na wabaya. Saratani zilizoanzia kwenye utumbo, kongosho au titi hupenda kuhamia huko. Ipo pia saratani inayozaliwa ndani ya ini lenyewe. Hiyo kwetu Afrika Mashariki si ngeni hata kidogo, maana virusi vya homa ya ini aina ya B vimeenea, na sumu ya kuvu iitwayo aflatoksini huingia katika mahindi na karanga zilizohifadhiwa vibaya. Mwaka 2004 sumu hiyo iliua watu 125 nchini Kenya kwa kuwashambulia kwa ghafla. Mahali pengine huua polepole, mwaka hadi mwaka, na hakuna gazeti linaloandika.

Basi daktari anayeona uvimbe katika ini la mtu aliyekonda, hana kosa akiifikiria saratani. Angekuwa mzembe asingeifikiria. Lakini ini lina vimbe nyingine nyingi ambazo si saratani, na baadhi yake zimejivika sura ya saratani kwa namna ambayo hata mtaalamu hutatizika. Iliyo ya kawaida kuliko zote ni hemanjioma, fundo la vimishipa vya damu ambalo watu wengi huishi nalo hadi uzeeni bila kujua. Inayofuata ni ile yenye kovu katikati, na mistari inayotoka kwenye kovu hilo kama spoki za baiskeli. Huonekana zaidi kwa wanawake walio katika umri wa kuzaa, na kwa kawaida haigeuki kuwa kitu kibaya. Vipo vijifuko vidogo vidogo vya njia za nyongo, ambavyo mtu huzaliwa navyo, vilivyoelezwa na von Meyenburg mwaka 1918. Vikitapakaa katika ini lote, picha yake yaweza kudhaniwa kuwa ni ya saratani iliyosambaa. Kifua kikuu nacho, ambacho tumezoea kukitafuta kifuani, huweza kujenga kiota katika ini. Amiba huacha jipu.

Halafu kuna ule uvimbe adimu ambao madaktari huuita kwa jina lenye maana ya "uvimbe wa bandia." Huo si uvimbe wa chembe zilizoasi. Ni mkusanyiko wa askari wa mwili, yaani chembe nyeupe za damu, pamoja na nyuzi za kovu, waliokusanyika mahali pamoja kupigana na adui ambaye mara nyingi hajulikani. Mwenye uvimbe huo hupata homa za kuja na kuondoka, hukonda, huumwa chini ya mbavu za kulia. Ukimtazama unaona saratani. Ukilitazama ini lake kwenye picha, unaona saratani. Wapasuaji wawili wa Marekani, Pack na Baker, walieleza habari za uvimbe wa namna hii katika ini mwaka 1953, na waliujua ulivyo baada ya kuondoa upande wote wa kulia wa ini la mgonjwa. Tangu hapo imefahamika kwamba baadhi ya vimbe hizo hunywea kwa dawa, na nyingine hupotea zenyewe. Mwaka 2001 wataalamu wa Japani walionyesha kwamba protini moja ya kinga, iitwayo IgG4, hupanda katika damu ya watu wenye ugonjwa fulani wa kongosho uliokuwa ukifanana na saratani. Baadaye ikaonekana kwamba ugonjwa huo huo huweza kuota uvimbe katika ini. Watu wa namna hiyo hutibiwa kwa vidonge, si kwa kisu.

Wahenga walisema dalili ya mvua ni mawingu. Hawakusema mawingu ni mvua.

Sasa wataalamu hutofautishaje? Hapa nitakaa kidogo, kwa kuwa njia yenyewe ni nzuri na inastahili kujulikana na watu wasio madaktari. Ini lina mabomba mawili ya kuliletea damu. La kwanza ni mshipa wa ateri, unaoleta kama robo ya damu yote. La pili ni mshipa mkubwa utokao kwenye utumbo, nao huleta robo tatu zilizobaki. Saratani inayozaliwa ndani ya ini, kadiri inavyokua, hujitafutia damu yake kutoka bomba la kwanza. Kwa hiyo mgonjwa akilazwa kwenye mashine ya CT, akadungwa dawa ya kung'arisha picha, kisha akapigwa picha kadhaa kwa kufuatana, saratani hiyo aghalabu hung'aa mapema, wakati ini lililobaki bado limefifia. Halafu yenyewe hufifia mapema wakati ini lote limekwisha ng'aa. Hemanjioma haifanyi hivyo. Yenyewe hung'aa pembeni kwanza, matone matone, kisha mwanga huingia ndani polepole kama maji yanavyolowesha udongo mkavu. Ule wenye kovu hung'aa haraka lakini haufifii kwa namna ya saratani.

Kwa hiyo picha moja haitoshi. Inatakiwa kujua uvimbe unafanya nini kadiri muda unavyokwenda. Nilipoelezwa hivyo na daktari mmoja mvumilivu, nilifurahi kama mtoto. Huyu mtu alikuwa ananionyesha njia!

Lakini akaniambia na jambo la pili, ambalo limenifikirisha zaidi. Picha ile ile haina maana ile ile kwa kila mtu. Wataalamu wa radiolojia wa Marekani walitoa mwaka 2011 utaratibu wa kuzisoma picha za ini kwa madaraja, na utaratibu huo unawahusu watu wazima walio katika hatari kubwa tu: wale ambao ini lao limekwisha jaa makovu, au wanaoishi na virusi vya homa ya ini B, na wengine wa hali kama hiyo. Kwa watu hao, uvimbe ukiwa na ukubwa wa kutosha, ukang'aa mapema na kufifia mapema, wataalamu hukubali kusema ni saratani hata bila kuuchoma sindano. Kwa mtu mwenye ini zima lisilo na makovu wala virusi, picha hiyo hiyo haitoshi. Hapo lazima itafutwe njia nyingine, na mara nyingi njia hiyo ni kuchukua kinyama na kukipeleka kwa mtaalamu wa patholojia akitazame kwa hadubini.

Utaratibu huo una daraja la kwanza hadi la tano. La kwanza ni "si saratani, bila shaka", la tano ni "ni saratani ya ini, bila shaka." Lile la tatu, katikati, ni la uvimbe usioelemea huku wala kule. Nimelipenda sana daraja hilo la tatu. Watu wenye mashine za thamani kubwa wamekaa na kukubaliana rasmi kwamba mahali pa kusema "hatujajua" ni lazima pawepo, na pawe na namba yake. Kiswahili chetu kimekuwa na ngazi hiyo siku nyingi: haielekei, pengine, huenda, yaelekea, bila shaka. Tabu ni kwamba tunaipanda kwa kuruka. Tukitoka "pengine" tunatua kwenye "bila shaka."

Shemeji yangu, mume wa dada yangu, alikuwa mkulima wa migomba na mahindi, mtu wa maneno machache na ubishi mwingi. Mwaka 2011 alianza kupata homa za jioni. Akakonda hata mkanda wake ukahitaji tundu jipya. Akapelekwa hospitali moja, ambako altrasaundi ilionyesha uvimbe katika ini wenye upana wa sentimita sita hivi, na baadaye picha ya CT ikaonyesha kingo zisizonyooka. Daktari aliwaita wanawe kwenye ujia. Maneno yake, kama walivyonieleza, yalikuwa haya: "Mzee ana saratani. Mrudisheni nyumbani mkamtunze." Mgonjwa alikuwa kitandani, hatua kumi kutoka hapo.

Mimi nilipigiwa simu baada ya kikao cha ukoo kwisha. Nikamuuliza mpwa wangu mkubwa, "Baba yenu anasemaje?" Akanijibu, "Mjomba, baba hajaambiwa. Tumeona tusimvunje moyo." Wakati huo walikuwa wamekwisha gawana shamba kwa maneno, ng'ombe mmoja ameuzwa kulipia gharama, na yule mkubwa amekwisha chimba msingi wa nyumba kwenye kipande cha juu, akisema ni vizuri baba aone kabla hajaondoka. Baba mwenyewe aliona msingi na hakuelewa ni wa nini.

Aliniambia baadaye alivyotambua. Hakuna aliyempa habari, bali watu waliacha kubishana naye. Alizoea kubishana na mwanawe wa pili kuhusu bei ya mbolea, mke wake kuhusu chumvi, na jirani kuhusu mpaka. Ghafla kila alilosema lilikubaliwa. Kuku alichinjwa Jumanne, akachinjwa tena Alhamisi. "Shemeji," alisema, "nilipoona jirani ananiachia mpaka, nikajua nimekufa."

Aliyemtoa huko ni homa. Ilipanda usiku mmoja hata akaweweseka, na kwa kuwa gari lililopatikana lilikuwa linaelekea upande mwingine, alifikishwa hospitali nyingine. Hapo alikuwapo daktari kijana ambaye aliuliza maswali ambayo hayakuwa yameulizwa. Je, amepimwa virusi vya homa ya ini B na C? Hakupimwa, akapimwa, hana. Ini lililobaki lina makovu? Halina. Kile kipimo cha damu cha alfafetoprotini kinasemaje? Kipimo hiki kina historia yake: Abelev wa Moscow aliigundua protini hiyo mwaka 1963 kwa panya wenye saratani ya ini, na mwaka uliofuata Tatarinov akaikuta kwa binadamu. Kwa shemeji ilikuwa ya kawaida. Hilo peke yake halikuthibitisha kitu, maana zipo saratani nyingi za ini zisizoipandisha, na wapo wajawazito na wagonjwa wa homa ya ini ambao imepanda bila saratani. Lakini yalipojumlishwa yote, pamoja na homa zile, kijana yule akaona kuwa njia haifiki kwenye jibu lililotolewa.

Akaenda kwa mgonjwa mwenyewe, akaketi kwenye kiti, akamwambia kwamba ana uvimbe katika ini, kwamba huenda ni saratani na huenda sivyo, na kwamba ili kujua ni lazima achomwe sindano na kutoa kinyama, jambo lenye hatari yake. Shemeji akamuuliza hatari gani. Akaambiwa.

Naitaja hatari hiyo kwa sababu baadhi yetu tukisikia habari kama hizi huwa wepesi wa kulaumu: mbona wasichukue kinyama kwa kila mtu? Ini limejaa damu, na sindano ikiingia katika fundo la mishipa yaweza kuleta mvujo mbaya. Uvimbe ukiwa kweli ni saratani, mara chache chembe zake huweza kupandwa kwenye njia ya sindano. Na huko Turkana, kaskazini mwa Kenya, ambako ugonjwa wa vifuko vya maji vinavyotokana na mnyoo tegu mdogo wa mbwa umekuwa mwingi kuliko karibu kila mahali duniani, hata shirika la AMREF likaanzisha kampeni ya kuupiga vita katika miaka ya 1980, kifuko kikichomwa bila maandalizi maji yake huweza kumwagika tumboni na kumletea mgonjwa mshtuko wa kuua. Ushahidi una bei yake. Anayeutafuta kwa pupa naye hutenda jeuri, kama yule anayehukumu bila kuutafuta.

Majibu ya shemeji yalichukua wiki tatu. Chembe za saratani hazikuonekana. Ulikuwa ule uvimbe wa bandia. Wakatafuta kwanza kama kuna kifua kikuu, kwa kuwa dawa waliyokusudia kumpa ingemdhuru mwenye kifua kikuu, kisha wakampa vidonge vya jamii ya steroidi na kumpiga picha tena kila baada ya miezi michache. Uvimbe ukanywea. Aliishi miaka tisa zaidi, akafa kwa kiharusi mwaka 2020, akiwa ameurudisha ubishi wake wote.

Aliporudi nyumbani kulikuwa na furaha, lakini ilikuwa furaha yenye aibu ndani yake. Mtu uliyekwisha mlilia na kumgawa anapoketi tena mezani, humtazami vizuri. Msingi ulikuwa pale. Aliitisha kikao, nami safari hii nilikuwapo, na wote tulitegemea atagomba. Hakugomba. Aliuliza swali moja tu: "Kwa nini mimi sikuulizwa?" Mkubwa akajibu kwamba daktari alisema ni saratani. Mzee akasema hamuulizi kuhusu daktari. Daktari alikosea ini, na ini ni gumu kulisoma. Anauliza kwa nini yeye, mwenye ini, hakuulizwa.

Swali hilo limekaa nami muda mrefu kuliko habari ya uvimbe wenyewe. Maana chukulia ingekuwa kweli ni saratani. Daktari wa kwanza angekuwa amepatia, na watoto wangekuwa wametabiri vyema. Je, kosa lingekuwa limekwisha? Nadhani lingebaki lile lile, ila hakuna ambaye angeliona. Mtoto aliyebahatisha jibu sahihi ana tatizo lile lile na aliyebahatisha likawa kosa. Tofauti yao ni kwamba mmoja ameadhibiwa.

Lakini hapa lazima nigeuke, kwa sababu nimeona hadithi ya shemeji ikifanya madhara. Katika kijiji kile kile alikuwapo mama mmoja aliyeishi na virusi vya homa ya ini B. Alipata uvimbe, akapimwa kwa njia zote nilizozitaja, akaambiwa yeye mwenyewe, kwa upole na kwa ukweli, kwamba ni saratani. Ndugu zake wakasema, "Mbona hata yule mzee waliambiwa saratani, na yuko hai?" Wakampeleka kwa mtu wa mitishamba kwa miezi minne. Sisemi angepona, huenda wakati wa kupona ulikuwa umekwisha pita. Lakini dawa ya kutuliza maumivu ilikuwapo hospitalini, na miezi minne hiyo aliipitia bila dawa hiyo. Kwa hiyo siku hizi sisimulii habari ya shemeji bila kueleza kwamba vimbe kama yake ni adimu, na kwamba katika nchi zetu mtu mwenye ini la makovu, mwenye virusi, na uvimbe unaong'aa na kufifia, ana saratani. Adimu maana yake ni adimu. Mwenye kuuza tumaini la bandia ni ndugu wa mwenye kutangaza kifo cha bandia.

Wengine hupenda kuleta hapa mfano wa mahakama: mshtakiwa hana hatia mpaka ithibitike. Ni kanuni njema, lakini kwenye ini haifai. Hakimu akimwachia mwizi kwa kukosa ushahidi, jamii hupata hasara inayovumilika. Daktari akiiachia saratani kwa miezi sita kwa kuwa haijathibitika, amemuua mgonjwa. Na kinyume chake, akimkata mtu nusu ya ini kwa kitu ambacho kingenywea kwa vidonge, naye amedhulumu. Shaka haiwezi kuelekezwa upande mmoja tu.

Nionavyo mimi, kutenda na kusema havitakiwi kufuata kanuni moja. Katika kutenda, uvimbe uharakishiwe kama vile huenda ni saratani: vipimo vifanywe leo, si mwezi ujao, rufaa iandikwe, sindano ipangwe. Katika kusema, usemi ufuate kile kilichokwisha onekana, wala usikitangulie. "Nimeona uvimbe" ni sentensi moja. "Nadhani ni saratani" ni nyingine. "Najua ni saratani" ni ya tatu. Mwalimu wa darasa la nne huwafundisha watoto kwamba vitenzi hivyo vitatu havina maana moja. Na sentensi hiyo, yoyote itakayokuwa, ipelekwe kwanza kwa mwenye mwili.

Daktari mmoja rafiki yangu, niliyempa mawazo haya ayapime, alinipinga kwa nguvu. Alisema mimi nazungumza kama mtu ambaye hajakaa zamu ya usiku katika hospitali ya wilaya, na wagonjwa themanini, na mashine moja ya altrasaundi, na CT iliyo karibu iko safari ya siku nzima, na familia haina nauli. Alisema kumwambia mtu "hatujajua" wakati huna namna yoyote ya kujua, na wala yeye hatakuwa na namna, ni kumfunga katika mashaka mpaka afe. Afadhali neno moja la wazi, watu wajipange.

Pingamizi hilo ni zito na sitalipuuza. Umaskini hukata njia katikati. Lakini nilimjibu kwamba "nimeona uvimbe, na hapa hatuna kipimo cha kujua ni wa aina gani, kipo mji fulani, kwa gharama kiasi hiki" ni maneno ya nusu dakika, na hayahitaji umeme. Yakisemwa hayo, watu wanajua wanachokikosa, na wanaweza kuamua kama watauza ng'ombe kwa ajili ya nauli au la. Likisemwa "saratani," wanauza ng'ombe kwa ajili ya matanga. Alicheka, akasema bado hajakubali. Tumebaki hivyo, kila mtu na lake.

Upande wa familia sina huruma sana. Mficha maradhi, wanasema wahenga, kilio humfichua. Lakini methali hiyo ilikusudiwa mgonjwa anayeficha maradhi yake mwenyewe. Sisi tumeigeuza, tunamficha mgonjwa maradhi yake kisha tunayatangaza kwa kila mtu mwingine. Tunaita huo ni upendo. Mara nyingi ni woga wa kuketi karibu na mtu anayejua. Na tukishamficha, hatuwezi tena kumuuliza lolote, hata yale ambayo yeye peke yake ndiye mwenye majibu: homa ilianza lini, alikula nini, ana mbwa wangapi, amewahi kuishi na mtu mwenye kifua kikuu? Maswali ya namna hiyo ni sehemu ya kipimo, na majibu yake anayo mgonjwa.

Msingi ule wa nyumba haukubomolewa. Shemeji alimwachia mwanawe kipande kile, kwa masharti, yakaandikwa, yeye akatia saini kwa mkono wake mbele yetu. Mwaka ule ule niliwaita wanangu na kuwaambia matakwa yangu. Nikipigwa picha, nielezwe mimi kilichoonekana, kwa maneno yale yale aliyoyatumia mtaalamu, na karatasi nipewe niisome. Binti yangu, ambaye naye ni mwalimu, akaniuliza, "Na je, baba, siku hiyo ikiwa wewe mwenyewe hutaki kujua?" Nikafikiri kwa muda. Nikamwambia basi niulizwe hilo pia, wakati akili zangu zingalipo, na jibu langu liandikwe kwenye faili.